Maisha ya Daktari Otto Loewi, Mkimbizi Aliyegundua Matarishi wa Neva

Hapa Dzaleka wako wazee wengi waendao kituo cha afya kupimwa presha, na huko Lilongwe wako wanafunzi wetu wa zamani ambao wazazi wao wameandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Uchunguzi uliofanywa Malawi mwaka 2009 ulionyesha ya kuwa katika watu wazima wa miaka 25 hadi 64, karibu mtu 1 katika kila watu 3 ana shinikizo la damu lililozidi kiasi, na walio wengi katika hao hawakuwa na habari nalo. Lakini wachache sana wavimezao vidonge hivyo wajua jinsi vifanyavyo kazi mwilini, na wachache zaidi wamepata kusikia jina la mtu ambaye kazi yake ilisaidia kufungua njia ya vidonge hivyo. Mtu huyo ni Daktari Otto Loewi.

Tumeona vema kuyaeleza maisha yake katika gazeti letu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni faida ya elimu, maana anayeijua kazi ya dawa hataichezea. Ya pili ni kwamba Daktari Loewi alipata kuwa mfungwa, kisha mkimbizi, akavuka nchi tatu kabla ya kupata mahali pa kutua. Kwa hiyo habari zake hazitakuwa ngeni kwetu tunaokaa mahali hapa, ambapo zamani palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya watu waliokimbia nchi zao.

Otto Loewi alizaliwa tarehe 3 Juni mwaka 1873 katika mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Katika shule ya mji ule Otto hakuwa mwanafunzi wa kushangaza watu. Alifanya vizuri katika lugha za kale na masomo ya namna hiyo, lakini katika hesabu na fizikia alama zake zilikuwa haba. Alichokipenda hasa ni picha, majengo na sanaa za watu wa kale, na nia yake ilikuwa kuisoma historia ya sanaa. Wazee wake hawakukubali. Walitaka awe daktari, naye akawatii.

Mwaka 1891 akaingia chuo kikuu, akasoma katika miji ya Strassburg na Munich. Mwili ulikuwa katika udaktari lakini moyo ulikuwa kwingine, kwani mara nyingi aliacha masomo ya tiba akaenda kuwasikiliza walimu wa falsafa na wa sanaa. Mtihani wa kwanza wa udaktari, mwaka 1893, aliupita kwa shida. Baadaye akatulia, akapata walimu waliomwamsha, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1896. Insha aliyoiandika kwa ajili ya shahada ile ilihusu jinsi sumu na dawa fulani zinavyougusa moyo wa chura. Yafaa msomaji auweke moyo huo wa chura akilini, maana tutakutana nao tena.

Alipomaliza alifanya kazi mwaka mmoja hivi katika hospitali ya Frankfurt. Huko aliwaona wagonjwa wa kifua kikuu na wa homa ya mapafu wakifa mmoja baada ya mwingine, na madaktari hawana la kufanya kwa kuwa dawa haikuwapo. Jambo hilo lilimchoma sana. Akaona ya kwamba kukaa kitandani pa mgonjwa bila dawa hakumfai mgonjwa wala daktari, akaazimu kuiacha kazi ya hospitali na kutafuta maarifa ya dawa zenyewe, yaani jinsi kitu kinachoingia mwilini kinavyofanya kazi yake. Mwaka 1898 akaenda Marburg kuwa msaidizi wa mwalimu mkubwa wa elimu hiyo, Hans Horst Meyer.

Mwaka 1902 alizuru Uingereza ili aone kazi za wataalamu wa huko. Huko London alikutana na kijana mmoja Mwingereza, Henry Dale, nao wakafanya urafiki uliodumu mpaka kufa. Siku zile wataalamu walikuwa na swali moja kubwa lililowasumbua, nalo ni hili: neva huwezaje kuuamuru moyo au mshipa wa damu?

Hapa hatuna budi kueleza kidogo. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ajua ya kuwa neva ni kama nyuzi zitokazo katika ubongo na uti wa mgongo, zikaenea mwili mzima. Baadhi ya neva twaweza kuziamrisha, kama zile za mkono tunapoandika. Nyingine hazitungoji, bali zafanya kazi usiku na mchana hata tukiwa usingizini. Katika hizo kuna neva iitwayo vagasi, ambayo huupunguza mwendo wa moyo, na kuna neva nyingine ambazo huuharakisha moyo na kuibana mishipa ya damu. Hizi za pili ndizo zinazofanya kazi mtu akutanapo na hatari. Walio wengi kati yetu hawahitaji kitabu ili kulijua jambo hili. Mtu anaposikia bunduki usiku, kabla hajafikiri lolote, moyo umekwisha anza kupiga mbio, na uso umekuwa baridi kwa kuwa mishipa ya ngozi imejibana. Mishipa ikijibana na moyo ukienda mbio, shinikizo la damu hupanda. Hatari ikipita, hushuka.

Ilijulikana ya kwamba habari husafiri ndani ya neva kwa namna ya umeme. Lakini mwisho wa neva haujaungana na msuli. Pana upenyo mdogo mno kati yao. Je, umeme huruka upenyo ule, au kuna kitu kingine kinachouvuka? Wengi walishika la umeme. Mwaka 1904 Mwingereza Thomas Elliott alikisia ya kuwa pengine neva hutoa dawa fulani mfano wa adrenalini, na Loewi mwenyewe mwaka 1903 alikuwa amepata kulizungumza wazo kama hilo na rafiki yake mmoja. Lakini hapakuwa na njia ya kulihakikisha, naye akalisahau kwa miaka 17.

Katika miaka hiyo mambo yake yalinyooka. Akafuata mwalimu wake Meyer mpaka Vienna. Mwaka 1908 akamwoa Guida Goldschmiedt, binti wa mtaalamu wa kemia, wakajaliwa watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Mwaka 1909 akapewa uprofesa wa elimu ya dawa katika chuo kikuu cha Graz, nchi ya Austria, akakaa huko miaka 29. Wanafunzi walimpenda kwa ufasaha wake, na nyumbani kwake palikuwa na muziki na mazungumzo.

Sasa tufike kwenye jambo lililompa sifa. Kama alivyosimulia mwenyewe, usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka mwaka 1920 aliota namna ya kulijibu lile swali. Akaamka, akawasha taa, akaandika maneno machache katika kipande cha karatasi, kisha akalala tena. Kulipokucha akakumbuka ya kuwa ameandika jambo kubwa, lakini alipoitazama karatasi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Siku ile ilikuwa ndefu kwake kuliko zote. Usiku uliofuata, yapata saa tisa, ndoto ikarudi. Mara hii hakuiamini karatasi. Akaondoka kitandani, akaenda moja kwa moja chumba chake cha uchunguzi, na kabla jua halijapanda kazi ilikuwa imekwisha.

Alilofanya ni hili. Alichukua mioyo miwili ya vyura, ambayo ikitolewa mwilini na kutiwa maji ya chumvi huendelea kupiga kwa muda mrefu. Moyo wa kwanza ulikuwa na neva zake, wa pili aliuondolea neva. Akaigusa kwa umeme neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo kama ilivyotazamiwa. Kisha akayachukua yale maji yaliyokuwa katika moyo wa kwanza, akayatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili, usio na neva hata moja, ukapunguza mwendo vilevile. Akafanya tena kwa neva ile inayoharakisha, na maji yake yakauharakisha moyo wa pili.

Maana yake ilikuwa wazi. Umeme haukuweza kusafiri ndani ya bomba la maji kutoka moyo huu mpaka ule. Kilichosafiri ni kitu chenyewe, dawa iliyotolewa na ncha za neva. Basi neva haiugusi moyo kwa mkono wake. Hufanya kama bwana wa zamani aliyekuwa akikaa ofisini na kumtuma tarishi na barua. Tarishi huuvuka upenyo, hubisha mlango wa jirani, na jirani akiisha pokea barua hufanya alivyoagizwa.

Loewi alitangaza habari hizi mwaka 1921, lakini wengi hawakuziamini. Wengine walijaribu wakashindwa, maana vyura wote si sawa, na majira ya mwaka nayo huleta tofauti. Mwaka 1926, katika mkutano mkuu wa wataalamu uliofanyika Stockholm, alitakiwa aonyeshe mbele ya macho ya watu. Alilifanya jaribio lile mara 18 juu ya moyo mmoja, na mara zote lilifaulu.

Tena hakukaa na ushindi mmoja. Alitaka kujua tarishi yule ni nani na kwa nini hatoweki katika maji lakini hutoweka upesi mwilini. Pamoja na msaidizi wake Navratil akaona ya kuwa tarishi wa vagasi ni dawa iitwayo asetilikolini, na ya kuwa mwilini kipo kitu kinachomharibu tarishi huyo mara amalizapo kazi, ili amri moja isirudiwe bila mwisho. Na walihakikishaje? Kwa msaada wa Afrika. Kuna harage litokalo pande za Calabar, Nigeria, ambalo zamani watu walilishwa ili kujua nani mwenye hatia, mithili ya mwavi uliojulikana katika nchi hizi za Malawi. Dawa iliyokamuliwa katika harage lile humzuia mharibifu wa tarishi, na Loewi alipoitumia, amri ya vagasi ilidumu zaidi. Hivyo sumu ya kiapo ikawa shahidi wa kweli katika baraza la elimu.

Rafiki yake Dale naye alikuwa akichimba shimo hilo hilo huko Uingereza. Mwaka 1936 wote wawili wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya elimu ya mwili na tiba. Loewi alikuwa na miaka 63. Alikuwa na heshima, kazi, nyumba, mke na watoto. Mtu angedhani ya kuwa sasa atazeeka kwa raha.

Haikuwa hivyo. Tarehe 11 Machi mwaka 1938 wafuasi wa Hitler waliitwaa serikali ya Austria, na siku iliyofuata majeshi ya Ujerumani yakaingia. Usiku ule ule vijana wenye silaha, wapatao kumi na wawili, walivunja na kuingia nyumbani kwa Loewi, wakamtoa kitandani na kumpeleka gerezani, kwa kosa la kuwa Myahudi tu. Wana wake wawili wadogo wakatiwa gerezani pia. Tuzo ya Nobel haikumlinda hata saa moja.

Gerezani alidhani atauawa. Ajabu ni kwamba kilichomsumbua zaidi ni kuwa alikuwa na uchunguzi mmoja mpya ambao hajautangaza, na aliona ni hasara kubwa elimu ile kuzikwa pamoja naye. Akamsihi askari wa zamu ampatie karatasi ya posta na kalamu. Alipopewa, akaandika muhtasari wa kazi yake, akaomba ipelekwe kwa gazeti la wataalamu. Barua ilipoondoka akasikia nafuu kubwa, kana kwamba mzigo umetuliwa.

Baada ya kama miezi miwili akafunguliwa. Lakini hakupewa ruhusa ya kuondoka mpaka atoe alichonacho. Fedha za Tuzo ya Nobel zilikuwa benki huko Stockholm, akalazimishwa kuzihamisha ziingie benki iliyokuwa mikononi mwa watawala wale. Tarehe 28 Septemba mwaka 1938 akaondoka kwenda London, akiwa mtu asiye na mali. Mke wake akazuiliwa nyuma kwa ajili ya mali nyingine, na ilichukua miaka mitatu mpaka wakaonana tena.

Akapata kazi kwa muda katika chuo kikuu cha Brussels, Ubelgiji. Mwaka 1939 alikuwa Uingereza likizoni vita vilipozuka, basi akakaa Oxford. Mwisho chuo kikuu cha New York kikamwita, na mwaka 1940 akaabiri meli kwenda Marekani.

Wasomaji wetu wanaojua taabu ya makaratasi watalielewa jambo lililompata safarini. Alikuwa amepewa cheti cha daktari katika bahasha ili akionyeshe atakapofika. Njiani akakiona kilichoandikwa, nacho kilimtaja kuwa ni mzee aliyechakaa kwa umri, asiyeweza kujipatia riziki kwa kazi. Maneno hayo yangetosha kumrudisha alikotoka. Bahati yake, afisa wa bandarini New York aliyekipokea cheti hakuyatilia maanani, akamruhusu kushuka. Alikuwa karibu kutimiza miaka 67. Mtu huyo aliyeandikwa kuwa hafai kazi alifundisha na kufanya uchunguzi tangu hapo. Mke wake akamfuata mwaka 1941, na mwaka 1946 akawa raia wa Marekani. Wakati wa joto alikwenda pwani ya Woods Hole, ambako wataalamu wa viumbe hukusanyika, na vijana walimzunguka kusikiliza hadithi zake. Mke wake alifariki mwaka 1958, naye mwenyewe akafariki New York siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba mwaka 1961, mwenye umri wa miaka 88.

Sasa msomaji atauliza, haya yote na vidonge vya babu yangu yamehusiana vipi?

Kumbuka siku zile presha haikuwa na dawa ya kutegemewa. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikufa tarehe 12 Aprili mwaka 1945 kwa kuvuja damu ubongoni, presha yake ikiwa imepanda kupita kiasi, na madaktari wa taifa lenye nguvu kuliko yote hawakuwa na dawa ya kuiteremsha kwa hakika. Lililowezekana ni kumnyima mgonjwa chumvi, kumwambia apumzike, au kumpasua na kuzikata neva zinazobana mishipa ya damu. Upasuaji ule ulikuwa mzito, lakini ulifundisha jambo moja: neva zikinyamaza, mishipa hulegea na presha hushuka. Basi kama neva husema kwa kutuma tarishi, si lazima kuzikata. Yatosha kumzuia tarishi.

Mwaka 1946 Ulf von Euler wa Sweden alionyesha ya kuwa tarishi wa neva zinazobana mishipa yetu ni noradrenalini, ndugu wa adrenalini. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani akaeleza ya kuwa milango anayobisha tarishi huyo, yaani vipokezi, ni ya namna mbili, akaiita alfa na beta. Milango ya alfa iko hasa katika mishipa ya damu, na ikifunguliwa mishipa hujibana. Milango ya beta iko hasa moyoni, na ikifunguliwa moyo huenda mbio. Tangu hapo watengenezaji wa dawa walijua mahali pa kulenga.

Dawa za kwanza zilimzuia tarishi katikati ya njia. Habari itokayo katika uti wa mgongo hupumzika katika kituo kabla ya kufika kwenye mshipa, na tarishi wa kituoni ni asetilikolini, yule yule wa Loewi. Dawa iitwayo heksamethoni ilikifunga kituo. Presha ilishuka, lakini kwa kuwa vituo vyote vilifungwa, mgonjwa alikauka kinywa, akafunga choo, na akisimama ghafula alianguka.

Nyingine ilikuwa reserpini, iliyotolewa katika mzizi ambao waganga wa India waliujua tangu zamani. Dawa hii humwaga ghala ya noradrenalini iliyo katika ncha za neva, hata bwana akitaka kutuma barua hapati tarishi. Ilisaidia wengi, lakini ilimwaga maghala ya ubongoni pia, na wengine walipatwa na huzuni nzito.

Kisha kukaja metildopa, ambayo hata leo hupewa mama wajawazito wenye presha. Mwili huigeuza kuwa tarishi wa bandia, afananaye na noradrenalini. Tarishi huyu huingia ubongoni, hubisha mlango wa makao makuu yenyewe, na makao makuu yakadhani kuwa amri zimekwisha tolewa za kutosha, yakapunguza kutuma nyingine.

Mwaka 1964, miaka mitatu baada ya Loewi kufa, ikatolewa propranololi, kazi ya James Black wa Uskoti. Hii huingia katika mlango wa beta kama ufunguo usiozunguka. Haufungui, wala haumpi nafasi tarishi wa kweli. Moyo hupunguza haraka yake, na figo nazo hupunguza kutoa kitu kinachopandisha presha. Black naye akapewa Tuzo ya Nobel, mwaka 1988. Na zipo dawa nyingine, kama prazosini, zinazoziba mlango wa alfa, mishipa ikalegea.

Haifai kudhani ya kuwa kila kidonge cha presha humzuia tarishi. Dawa nyingi zinazotolewa leo hupita njia nyingine. Hidroklorothiazidi hutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Amlodipini huiziba milango ya kalsiamu katika msuli wa mshipa, hivyo tarishi hufika na barua husomwa, lakini msuli hauwezi kujibana kwa nguvu zote. Enalaprili huzuia mwili kutengeneza kitu kinachobana mishipa, ambacho pia huzichochea neva kutoa noradrenalini zaidi. Kila moja ina mahali pake, na ndiyo maana daktari huweza kumpa mgonjwa mbili pamoja.

Kutokana na maarifa haya twaweza kuelewa mambo matatu ambayo wazee wetu huambiwa kituoni, nao mara nyingi huyadharau kwa kutokujua sababu.

La kwanza ni kutokuacha dawa ghafula. Wengi husema presha imeshuka, basi nimepona, wakaviweka vidonge kabatini. Wengine huacha kwa sababu safari ya kwenda kuvitafuta Lilongwe ni gharama. Lakini mwili uliofungiwa milango ya beta muda mrefu huongeza milango mipya, ukijaribu kumsikia tarishi wake. Dawa ikikatwa siku moja, tarishi huikuta milango mingi kuliko zamani yote iko wazi. Moyo hupiga mbio, presha hupanda, na mwenye maradhi ya moyo aweza kufa. Dawa ya namna hii hupunguzwa kidogo kidogo kwa shauri la daktari.

La pili ni kutokuazima vidonge vya jirani. Milango ya beta iko hata katika njia za pumzi, ambako kazi yake ni kuzipanua. Mwenye pumu akimeza propranololi ya mwenzake njia zile zaweza kuziba. Dawa iliyomfaa huyu yaweza kumuua yule.

La tatu ni kuinuka taratibu. Tunaposimama, damu hushuka miguuni, na neva hutuma matarishi upesi kubana mishipa ili ubongo usikose damu. Mtu ambaye dawa yake imewazuia matarishi hao huona kizunguzungu. Huyo hajarogwa, wala dawa si sumu. Na akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha asimame, na amweleze daktari.

Mambo haya mwanafunzi aweza kumsomea bibi yake kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa Kirundi au kwa Kichewa, bila kungoja kuwa daktari kwanza. Na wanafunzi wa zamani mlio mbali mnaweza kuwaulizia wazazi wenu kama vidonge vya mwezi huu vimepatikana, kabla ya kuuliza habari nyingine.

Kuhusu Loewi mwenyewe, tusiseme ya kwamba taabu ndiyo iliyomfanya mkubwa. Kazi yake kubwa aliifanya siku za amani, akiwa na chumba, vyombo na wasaidizi, na walioivunja nyumba yake waliipunguzia dunia elimu, hawakuiongezea. Lakini twaweza kusema hili: walimnyang'anya fedha, nyumba na nchi, na cheti kikamnyima hata jina la mtu afaaye kazi, wala hawakuweza kumnyang'anya alichokuwa amekielewa. Alipoteremka New York mikono mitupu, alishuka nacho. Hicho ndicho walichokipokea wanafunzi wake, na ndicho kilichomo leo katika kidonge anachopewa mzee wa Dzaleka, ambaye labda hatalijua kamwe jina la Otto Loewi.